Mwalimu Aliyehesabu Kete kwa Kidole

Mwalimu wetu wa misheni, kule Bweranyange, alipenda michezo kuliko chakula, na chakula alikipenda. Alicheza nasi mpira wa maganda ya migomba akiwa na kanzu, akaanguka, akainuka, kisha akaendelea na somo la Biblia pale alipoishia. Kabla ya kila mchezo alisali. Hakuomba ushindi. Aliomba tusidanganye, kwani mtu akidanganya mchezoni, alisema, amesema uongo kwa mikono.

Mchezo aliouthamini zaidi ni bao, ambalo nyumbani tuliliita orusoro. Hakuwa na kipaji nalo.

Mimi nililala misheni kwa sababu kwetu ni mbali. Nilikuwa nimeanza mafundisho ya ubatizo, na katika kusoma nilikuwa nimefikia maneno marefu. Jumamosi moja baba yangu, mfugaji, alikuja kunichukua. Dada yangu alikuwa ameolewa, na vibuyu vya maziwa havikuwa na mtu wa kuvisafisha.

"Shikamoo, mzee," mwalimu alisema.

"Marahaba. Nimemfuata binti. Kusoma kwake kumetosha."

Mwalimu hakubisha. Alileta bao. "Tucheze kwanza. Nikikushinda, mchukue leo. Ukinishinda, mwache mpaka Jumamosi ijayo, uje tucheze tena."

Baba alifikiri. "Mwalimu, masharti hayo umeyageuza miguu juu."

"Ndiyo niliyo nayo."

Ili anichukue, baba alihitaji kushindwa tu. Lakini alijulikana kwa bao toka kwetu mpaka Kaisho, na wazee wa kanisa walikwisha kusogeza viti. Alimshinda mwalimu kabla uji haujapoa. Nikabaki.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Baba alikuja amekasirika, akashinda, akaondoka amekasirika. Kilichomuudhi zaidi si kunikosa mimi. Kete za orusoro twaziita ng'ombe, na kwetu mfugaji hahesabu ng'ombe kwa kuwanyoshea kidole; ni kuwatakia mabaya. Mwalimu, mtu wa hesabu, alinyosha kidole na kuhesabu kwa sauti mpaka mwisho wa safu.

"Utaniulia ng'ombe," baba alisema.

"Ni mbegu, mzee."

"Zikiwa upande wangu ni ng'ombe. Tena ukihesabu kwa sauti najua unakokwenda. Nyamaza, utazame kundi zima."

Mwalimu alikuwa msikivu. Aliacha kidole, kisha akaacha sauti. Masika yalipokuwa yanaisha, siku moja alitazama bao kimya muda mrefu, nami niliyesimama nyuma yake nikaona alichokiona: shimo moja, na akilicheza, baba amekwisha. Mkono wake ulisimama hewani. Akanigeukia. Nilijua anaomba. Nami niliomba, ila sidhani tuliomba jambo moja.

Akalicheza.

Nilipomuuliza baadaye kama hakuogopa kunipoteza, alisema aliogopa sana, ila hakuona njia ya kumwokoa mtu kwa kumdanganya baba yake. Tangu hapo nimejaribu kuishi hivyo, kucheza sawasawa na kumwachia Mungu mwisho wake. Mara nyingi nimeshindwa sawasawa.

Siku ile baba alitazama mashimo yake matupu. Nikaenda kuchukua kitabu changu cha nyimbo.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, baba."

"Nyumbani nikaseme nini? Kwamba mwalimu kanichukulia ng'ombe nami nikaondoka?" Akamgeukia mwalimu. "Jumamosi ijayo."

"Na binti?" mzee mmoja wa kanisa aliuliza.

"Abaki. Mpaka nimrudishe mwalimu mahali pake."

Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia, maana alikuwa amemfundisha vizuri. Nilibatizwa ikiwa bado inaendelea. Vibuyu alivisafisha mama, ambaye hakujua bao na hakuulizwa. Ninapowashukuru wote katika sala zangu, huanza na yeye.