Pini ya Kiti cha Mama Mkwe

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu wanaonifahamu hapa Nyamwaga wanadhani mtu anayependa mabembea makubwa lazima awe jasiri. Wapi! Nayapenda kwa sababu yananitisha, na nikishuka mzima najiona nimeponyoka. Mara ya kwanza nilipanda nikiwa mwanachuo wa ualimu kule Mwanza, kwenye uwanja wa maonyesho. Lilikuwa gurudumu kubwa la chuma lililosimama wima, viti vinaning'inia kulizunguka. Nililia kwa sauti mbele ya wasichana wa chuo. Nikashuka, nikafuta machozi, nikarudi kwenye foleni.

Ugonjwa huo haujapona. Wenzangu wakiangalia mpira kwenye simu, mimi naangalia treni za michezo za nchi za mbali zinazopindua watu kichwa chini miguu juu. Mbio zake si kitu. Ninachokitafuta ni wale vijana wa kazi wanaopita kiti kwa kiti, wanavuta kila chuma, wanakisukuma, wanagusa kila pini, ndipo wanainua mkono kwamba tayari. Mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa huniuliza kama mambo hayo yatatoka kwenye mtihani. Humjibu kwamba bembea si chuma wala injini. Bembea ni yule anayekufunga.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna tajiri anajenga kiwanja cha mabembea kule Mugumu, upande wa Morotonga, nilikosa raha ya kula. Kila nilipopata safari ya huko nilipitia kuangalia. Kwanza walisema kitafunguliwa Pasaka. Pasaka ikafika, palikuwa na shimo lenye maji ya mvua na bata wa jirani wanaogelea. Wakasema Sabasaba. Sabasaba saruji ilikuwa bado mbichi. Kisha vyuma vikawa vimekwama njiani, kisha fundi akafiwa, kisha mkanda wa injini ukawa haujaja. Watu walitukana. Mimi nilitulia, kwa sababu kwa maoni yangu mradi wa bembea una haki ya kuchelewa. Msingi usipokauka, subiri. Fundi akiwa na msiba, mwache alie, hutaki akufungie nati huku mawazo yake yako kaburini.

Kilichonikera ni kuchelewa kwa mwisho. Gurudumu limeshasimama, viti vimepakwa rangi nyekundu na bluu, injini iko tayari, halafu kinachongojewa ni mgeni rasmi aje akate utepe! Siku zote hizo wangeweza kulijaribu kwa mifuko ya mchanga, mfuko kila kiti, lizunguke kutwa nzima tuone kinacholegea. Nilimwuliza msimamizi kwa nini hawafanyi hivyo.

"Mwalimu," akanijibu, "mchanga haulipi kiingilio."

Mgeni rasmi alikuja, akakata utepe, akapiga picha mbele ya gurudumu, akapanda gari lake akaondoka. Kwenye gurudumu hakupanda. Ningekuwa na akili ningemwiga.

Wiki chache baadaye mama mkwe wangu alitoka Susuni kwenda Mugumu kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa. Mke wangu akasema twende nasi, bibi amwone mjukuu wake. Tukavuka Mto Mara, mimi nimekaa mbele na dereva, mke wangu nyuma na mtoto mchanga mapajani na binti yetu wa darasa la kwanza pembeni. Huyu binti alikuwa hasemi kingine ila gurudumu. Amelisikia kwangu toka anatambaa.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Sisi Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Nikimwona njiani, napisha. Akiingia mahali, mimi natafuta pa kutokea. Likiwepo neno, linapita kwa mtu wa katikati. Wageni huona kama chuki, kumbe ni heshima, tena nzito, na sijawahi kuiona mzigo. Miaka yote ya ndoa yangu, sauti yake naijua akizungumza na wengine tu. Tena mkwe wa mtu ni mkwe wa wote waliotahiriwa naye mwaka ule. Kijana mliyeingia naye jandoni hana ruhusa ya kumzoea mama wa mkeo, kama wewe mwenyewe usivyo nayo.

Tulipofika kiwanjani, mke wangu na mama yake wakinifuata kwa mbali, binti alilitazama gurudumu, akarudi nyuma. Akasema hapandi bila bibi. Mke wangu hakuweza kupanda na mtoto mchanga. Mimi sikuweza kukaa kiti kimoja na mkwe. Nilitegemea bibi akatae, mambo yaishe.

"Nitapanda," nilimsikia akimwambia binti yake. "Nimeshapanda trekta."

Nilisimama nikipiga hesabu ya mahali pa kukaa. Nikikaa kiti cha upande wa pili, kila akiwa juu mimi niko chini yake, na hilo ni afadhali nife. Nikibaki chini kabisa ndiyo yale yale, nitakuwa nainua macho kumtafuta mtoto na nitamwona na yeye. Nikaamua kupanda kiti kinachofuata nyuma yao. Viti vyote vinatazama upande mmoja, kwa hiyo nitauona mgongo wake tu, kama mtu anayetanguliwa njiani. Nilijiona mjanja.

Aliyekuwa anafunga abiria nilimtambua mara moja. Tuliingia jando mwaka mmoja. Tukashikana mikono tukacheka.

"Mura, huyu mama ni nani wako?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa jina tunaloitana wanaume wa kwetu.

"Mkwe."

"Kumbe ni mkwe wetu." Akashusha macho papo hapo, akarudi nyuma hatua. Mimi nikawapa mgongo, kama inavyotakiwa. Nilimsikia akisema huku anaangalia ardhi, "Mama, vuta hicho chuma kiwalalie." Nikasikia chuma kikigonga. Nikafurahi moyoni kwamba ujana na kazi za mjini hazijamharibia adabu mwenzangu. Gurudumu likasogea, kiti changu kikaja, akanifunga, akachomeka pini na kuipiga kofi. Mke wangu akatuambia anavuka barabara kumnunulia mama yake soda, aikute akishuka.

Tukazunguka. Mara ya kwanza nilifumba macho, mara ya pili nikapiga kelele kwa raha, na binti yangu mbele akapiga kelele akiniiga. Mara ya tatu injini ilikohoa, kitu kikapasuka kama mjeledi, kukawa kimya. Mkanda. Kiti chao kilikuwa kileleni kabisa. Changu kilikuwa nyuma yao, chini kidogo, kinayumba. Watu waliokuwa chini wakacheka.

Macho yangu yana tabia yao. Yakiona kiti, yanatafuta pini. Yakaitafuta ya kiti cha mbele, yakaikuta nje ya tundu lake, inaning'inia kwenye mnyororo wake mdogo. Chuma cha kuwazuia kilikuwa kimewalalia mapajani, hakijafungwa na chochote.

Niliogopa. Sio ile hofu ninayoilipia. Nilijua kilichotokea kana kwamba nimekiona kwa macho. Mwenzangu hakuweza kuinama kwenye mapaja ya mkwe. Mimi nilikuwa nimegeuka. Na yeye mama, ni nani aliyewahi kumwambia kwamba chuma kile kina pini?

Hata hapo, akili yangu ya kwanza ilikuwa kutafuta mtu wa kupitishia neno. Nikamtafuta mke wangu. Nilikiona kilemba chake cha njano ng'ambo ya barabara, dukani. Kule juu mtu wa katikati alikuwa mmoja tu.

"Mwanangu!" nikaita. "Mwambie bibi akushike!"

"Baba?" Mtoto hakusikia vizuri. Akafanya anachofanya mtoto akiitwa na baba yake. Akapiga magoti juu ya kiti, akageuka nyuma kunitazama, akicheka, mkono mmoja ananipungia. Kiti kikalalia upande. Chuma kikafunguka mbele, kikabaki wazi.

Watu chini sasa waliona. Kila mmoja akapiga kelele lake, hakuna neno hata moja lililosikika.

"Mama!" niliita. Mgongo haukugeuka. Niliona mkono wake ukivuta kitenge kukaza kichwani, kama mwanamke mwenye adabu anavyojifunika mkwe anapopita. Alikuwa amenisikia. Ila mkwe anayekuita kwa ukelele mbele za watu, unamgeukiaje?

"Mama, niangalie! Niangalie mimi! Chuma kiko wazi, mshike mtoto!"

Akageuka.

Sikuwa nimewahi kuuona uso wake ukinielekea. Ni uso wa binti yangu, uliopigwa jua miaka mingi. Alinitazama machoni, akatazama chuma, na mkono wake ukamdaka mtoto kwenye ukosi wa gauni, akamkalisha kwa kishindo hadi nikasikia mbao za kiti.

"Nifanye nini?" aliniuliza. Mimi. Moja kwa moja, bila mtu katikati.

"Pini iko kulia, chini, kwenye mnyororo. Usiiinamie, kiti kitainama na wewe! Mfunge mtoto kwenye kiti."

Akavua kitenge chake. Kichwa chake kilikuwa na mvi fupi, nikaziona nazo. Akakipitisha kitenge kiunoni mwa mtoto na kwenye chuma cha nyuma ya kiti, akafunga fundo la mtu aliyezoea kufunga ndama. Kilitosha mtu mmoja.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nina mikono."

Chini, mwenzangu wa jando alikuwa ameshakusanya wanaume. Wakalishika gurudumu kwa mikono, wakaanza kulivuta. Niliwapigia kelele wasilivute kwa pupa wakaliachia, maana uzito wa upande mmoja ungelirudisha kwa nguvu na kiti kile kingetikisika. Likasogea. Likasimama. Likasogea tena. Bibi na mjukuu walikuwa wanashuka mbele yangu, mimi napanda kileleni walipokuwa wao. Binti yangu alikuwa ameanza kulia kwa sauti ndogo, ile inayomaanisha ameelewa.

"Shika, mama," nilisema. "Bado kidogo. Shika."

"Nimeshika."

"Karibu unafika."

"Nimeshika, baba."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza njia nzima. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na kila alipojibu nilijua bado yupo.

Kiti chao kilipofika chini, mwenzangu alikisogelea, mikono ikamgoma tena, akaangalia ardhi. Mke wangu ndiye aliyekuja mbio, soda imemwagika kwenye gauni, akafungua fundo kwa meno. Nikawaona wote watatu na mtoto mchanga wamesimama kwenye udongo. Mimi nilikuwa peke yangu juu, gurudumu limeshikiliwa na wanaume wasionijua, na nililia kama siku ile ya Mwanza. Zamu hii sikurudi kwenye foleni.

Waliponishusha nilijificha nyuma ya kibanda cha tiketi mpaka mama mkwe alipoondoka kurudi kwa dada yake. Mwenzangu akanifuata.

"Mura, sikuweza kumgusa," akasema.

"Najua."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Ningekuwa mimi kwenye kazi ile, na mama yule ni mkwe wake, ningeangalia ardhi vile vile.

Kiwanja kilifungwa. Wanasema kitafunguliwa karibuni, wanangoja mkanda mpya, na sasa pini zitakuwa za aina nyingine. Watu wameanza tena kutukana. Mimi nikipita Morotonga sigeuzi hata shingo. Chochote kinachoning'inia kwenye mnyororo, hata kufuli la lango la shule, kinanishtua moyo. Baba yangu aliposikia nimemtazama mkwe machoni na kumfokea, alisema jambo hilo litahitaji mbuzi. Susuni hawakudai mbuzi. Hawakusema lolote, na kimya kile kilinitisha kuliko madai. Nilidhani nimemvunjia heshima kiasi ambacho hata mbuzi haoshi.

Likizo iliyofuata binti yetu alikwenda Susuni kwa bibi yake. Aliporudi, hata begi hajaweka, alinifuata nilipokuwa nasahihisha madaftari.

"Baba, bibi amenituma kwako."

Nikaweka kalamu chini. "Amesemaje?"

"Amesema wakifungua gurudumu atapanda tena na mimi. Lakini hafungwi na mtu mwingine. Amesema pini uje umfunge wewe."

Hofu ile ile ya kileleni ikanirudia. Mtoto alisimama akingoja jibu la kupeleka, ananitazama kwa uso ule.

"Mwambie nitakuja," nikasema.