Rejeta ya oili ya ndege ya binamu yangu, na swali nililolisahau

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinitokea mwenyewe hapa Bujumbura, nayaandika kama yalivyokuwa.

Binamu yangu Désiré ni fundi magari, anakaa mtaa wa Carama. Nyuma ya nyumba anajenga ndege ndogo ya mtu mmoja, injini yake ni ya gari. Tulipoiwasha kwa test, ikiwa bado chini, oili ilipata moto kupita kiasi ndani ya dakika kumi. Angani injini ingezima naye akiwa ndani.

Mimi nimemaliza uhandisi, kazi sina. Akaniachia kuchagua rejeta ya kupoza oili.

Nilichukua wiki tatu. Ukubwa, idadi ya safu, njia ya upepo, mtikisiko. Nilijaza daftari.

Mwishowe nikapata ya mtumba mjini, kwa Mzee Salum, muuza vipuri. Safi, imepakwa rangi nyeusi. Nikaijaza upepo, nikaizamisha majini, haikutoa viputo.

"We mutoto, unanunua rejeta ama unaoa?" akaniuliza.

Nikamwambia Désiré ni salama. Akapanga kuifunga Jumamosi.

Ijumaa nikaanza kuwaza. Rejeta nzima haitolewi kwenye injini nzima. Ile injini ilikotolewa ilikufa na nini?

Nikarudi dukani.

"Ile moteri ilivunjikaka mu ndani," Mzee Salum akasema. "Lakini rejeta tuliosha. We uliuliza yote, ile haukuuliza."

Nyumbani nikaijaza petroli, nikatikisa, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Mara ya kwanza, safi. Mara ya nne, chembe za chuma zinang'aa. Hizo zingeingia kwenye bearing za injini yetu na kuzisaga.

Nikampelekea Désiré kitambaa. Nikamwambia hizo ni za mara ya nne. Nilikuwa na maelezo marefu zaidi, hakuyahitaji.

"Mara ya tano?" akauliza.

"Zimetoka tena."

Akachukua msumeno wa chuma, akaikata rejeta vipande viwili.

"Ningeiacha nzima, Jumamosi ningejidanganya kwamba zimeisha," akasema.

Ndege bado iko chini, tunatafuta rejeta mpya.

Nilichojifunza: ukinunua ya mtumba, kabla ya vipimo uliza injini yake ilikufaje. Kama ilisagika ndani, iache. Njia zake ni nyembamba, kuosha hakutoshi.

Kama kuna aliyewahi kuisafisha ikasafika kweli, aeleze alijuaje. Mimi ningeendelea kutikisa hadi leo.