Walimpigia Makofi kwa Kutonigusa

Admin, nifiche kabisa, hata plot ninayoishi usiitaje. Hapa Karagita watu wanajuana mpaka rangi ya leso.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nafanya packhouse, pale maua yanafungwa, kwa shamba moja la maua. Tuko na msichana mmoja, anasomea kwa nyanya yake. Mume wangu ni sprayer, wale wa kupuliza dawa kwa greenhouse. Sisi wawili tuko na virusi vya ukimwi. Tulipimwa nikiwa na mimba ya pili, ile ikaharibika. Dawa tunameza vizuri, na virusi zimeshuka hadi hazionekani kwa damu. Kwa hiyo sio ugonjwa umenileta hapa.

Ni huyu bwana. Tangu tupimwe hajanigusa. Na sisemi mambo ya kitanda peke yake, hata mkono hanishiki! Nyumba yetu ni single, chumba kimoja tu, tumeweka pazia katikati. Mimi nalala kitandani, yeye kwa kochi, miguu ikining'inia, na ni mrefu jameni. Nikimwambia njoo, ananijibu, "Lala mama, umechoka." Na msidhani ni mtu mbaya. Msimu wa Valentine tukifanya overtime, nikifika napata ameshapika, amechota maji, ameniwekea dawa kwa meza. Nikikohoa kidogo tu ameita boda twende kliniki. Majirani wanasema nilipata bwana. Nacheka nao, halafu nikiingia ndani naongea na TV.

Nilijua tu ako na mwingine. Nikachunguza simu, nikauliza wenzake, wapi! Akitoka kazi ni nyumbani moja kwa moja. Nikajiambia basi ni mimi, ananiona uchafu. Nikasuka, nikanunua mafuta ya kunukia na nightdress nyekundu. Unajua alisema nini? "Utashikwa na baridi." Nililia nikiosha vyombo.

Sasa mwezi uliopita kliniki ikatuita tuongee na mabibi na mabwana wenye wamepimwa juzi, ati sisi ni mfano. Wakamuuliza mume wangu siri yetu ni gani. Akasimama, akatoa kofia, akasema:

"Mimi ndio nilimletea huyu mama ugonjwa. Tulipoambiwa watu wawili wanaweza kuongezeana virusi, nilijiwekea sheria. Greenhouse ikipulizwa tunaweka alama nyekundu, hakuna mtu anaingia. Hata mimi nimejiwekea hiyo alama. Sijamgusa tangu siku hiyo, na mnaona vile ako na afya."

Wueh! Watu walipiga makofi. Mama mmoja akafuta machozi. Na mimi hapo kando yake, natabasamu kama mjinga.

Sister, nesi wa kliniki, alimwita kando, akamweleza polepole kwamba tukimeza dawa vile tunameza, hana cha kuogopa. Akaitikia kila kitu, ndio sister, ndio sister. Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Si umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Lakini sister akikosea, atakuja mazishi halafu arudi kazini. Mimi nitabaki na nani?"

Nikamwambia, "Na mimi saa hii niko na nani?"

Alinimiminia maji ya kumeza dawa, akaenda kukaa kwa kochi lake.

Nimefikiria kurudi kwa mama yangu. Lakini nikiulizwa nitasema nimetoroka nini? Hanipigi, hanywi, hajawahi kunitusi. Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa, maskini, anaogopa sana. Nikibaki hapa nitaishi miaka mingi, hiyo najua, atahakikisha. Lakini aki nimechoka kuwa peke yangu na mtu amekaa hapo tu.

Wenye mko na hali kama yetu na bado mnakumbatiana, tafadhali niambieni mlianzia wapi, nani alimshika mwenzake kwanza. Na mtu asiniambie nishukuru Mungu nina bwana mzuri. Nimeshukuru vya kutosha.