Niliwachongea watu wangu miiko ya Krismasi, na mpaka leo bado naogopa

Wakuu wote mlio hapa ndani, wazee kwa vijana, nawasalimu kutoka Elburgon.

Leo nimeamua kusema jambo lililonipata mimi mwenyewe. Si la kusikia kwa kinyozi. Nitasema vile lilikuwa, hata pale linaniaibisha.

Mnivumilie na maandishi. Shule niliwacha darasa la tatu nikaingia kwa mbao. Naandika na kidole kimoja na jicho moja. Hilo lingine liko na mtoto wa jicho, na hata hili zima si zima sana.

Miaka mingi nilikuwa saw doctor kwa kiwanda cha mbao hapa. Kwa wale hawajui, saw doctor ni mtu wa kunoa zile blade kubwa za kupasua magogo. Ndio maana wazee wa hapa huniita Daktari. Kuna mama mgeni aliwahi kuniletea mtoto ana kikohozi, nikamwambia mathe, mimi natibu misumeno. Lakini hiyo ni story ingine.

Sasa.

Desemba iliyopita watoto walisema wote watakuja nyumbani Krismasi. Mimi kila mwaka ndio napewa. Sweta, soksi, kofia, hata hii simu. Nikasema mwaka huu na mimi nitawapa kitu, na iwe kitu ya mkono wangu, si ya supermarket.

Nikafikiria mwiko. Mwiko ya ugali. Mama yangu alikuwa anasema nyumba inaweza kuazima chumvi na ikaazima moto, lakini mwiko haiazimwi. Kila mtu apate yake.

Mti ulitoka kwa kijana wangu Kamau. Yeye anafanya kazi kwa shamba la maua huko Naivasha. Walikuwa wanabomoa greenhouse za zamani, wakaambiwa anayetaka zile posts, nguzo za mbao, abebe. Akanitumia vipande na lori iliyokuwa inakuja huku kuchukua mbao. Aliniambia ni za kuni.

Mimi kuona ile mti nikasema hapana. Hii ni bluegum imekauka miaka na miaka, ngumu kama mfupa. Nitachomaje kitu kama hii?

Nje ilikuwa grey kabisa, jua imeipiga. Ndani sikuona kitu. Mama wa nyumba yangu, yaani mke wangu, aliniuliza mbona vumbi yake inakaa kama iko na rangi ya majani. Nikamwambia wewe jua mambo ya unga, mambo ya mti wachia mimi.

Hapo ndio nilikosea, wakuu. Macho yangu siku hizi yanaona kila kitu kama kimemwagiwa chai. Na badala ya kusema sioni, nikasema najua.

Nilichonga wiki tatu. Panga kwanza, halafu kisu, halafu kipande ya chupa ya kukwaruza mpaka iteleze. Mwisho nikapaka mafuta ya kupika ing'are. Vidole vilikuwa vinawasha, na nilikuwa napiga chafya mpaka kuku wanakimbia. Nikasema ni baridi ya hapa kwetu.

Nikatoa miiko saba. Kwa mpini wa kila moja nikakata alama tatu, wajue ni ya mzee.

Krismasi nikagawa. Moja ya mama wa nyumba yangu. Moja ya Kamau. Moja ya Wanjiru, binti yangu wa mwisho, ameolewa Mau Narok na ana mtoto wa miezi nane. Mbili za dada zangu. Moja ya mke wa pastor. Ya saba nikampelekea Cheruiyot, rafiki yangu tangu tukiwa vijana kwa kiwanda.

Walifurahi sana. Wanjiru aliikumbatia kwa kifua. Nikakaa hapo na soda yangu nikajiona mzee wa maana.

Tangu hiyo siku nikawa nawapigia simu. Mwiko inaendeleaje? Kila wiki. Wanjiru ananiambia, Baba, hiyo ndio natumia, hata uji ya mtoto nakoroga nayo. Mimi hapo nalala vizuri.

Mwisho wa Januari, asubuhi kama saa tatu, Cheruiyot akaingia kwangu na mwiko yake imefungwa kwa gazeti.

Huyu ni mtu wa kelele. Akija kwako utamsikia kutoka barabara anatukana mbwa. Siku hiyo hata mbwa hakuitukana. Akamsalimia mama vizuri, akakataa chai, akaniambia twende nje kidogo tuangalie viazi.

Viazi nilikuwa nimeshavuna, na yeye alijua. Nikatoka naye tu.

Tulipofika nyuma ya store akafungua gazeti, akainua mwiko kwa jua.

"Daktari, hii mti ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Naivasha, kwa kijana.

"Posts za greenhouse."

"Ndio."

"Na wewe ukaona uchonge miiko."

Nikataka kukasirika, lakini sauti yake haikuwa ya kunidharau. Ilikuwa ya mtu anaogopa.

Kumbe kiwanda chetu kilipofungwa, yeye alienda kufanya kazi mahali wanapika posts. Wanaziingiza kwa tanki kubwa, wanafinya dawa mpaka iingie ndani ya mti, ndio mchwa isile. Post ikitoka huko iko kijani. Wao walikuwa wanavaa gloves mpaka kwa kiwiko. Mwiko niliyompa ilikuwa imekaa tu kwa kabati. Hiyo asubuhi mke wake ameitoa kuitumia mara ya kwanza, yeye akaiona kwa mwangaza wa dirisha akamnyang'anya.

"Ile dawa ni sumu," akaniambia. "Kuna ng'ombe ya jirani iliingia kwa yard ikalamba chini, pale posts zinadondokea. Asubuhi imelamba, saa tisa imelala miguu juu."

Nilikuwa naomba awe anatania. Huyu mtu amenitania miaka yote hiyo, mbona siku hiyo asinitanie?

Akaniuliza, "Kati ya hao ulipea, nani ako na mtoto mdogo?"

Wakuu, ni Wanjiru.

Nikatoa simu. Kwa haraka nikapigia mtu wa mbolea. Nikarudia, nikampata Wanjiru. Kabla niseme neno akaniambia, Baba ni vizuri umepiga, mtoto anaharisha tangu juzi, na jana ameanza kutapika.

Nikamuuliza, na mwiko?

Akasema, "Si ndio hii natumia, Baba, wewe usijali."

Nikasema Wanjiru, iwache, wacha hiyo mwiko, wacha. Sijui kama alisikia. Simu ilikatika, sasa ni ile sauti ya mteja hapatikani. Nikipiga tena, mteja. Nikipiga tena, mteja.

Nikaingia jikoni nikanyakua mwiko kwa mkono wa mama wa nyumba yangu, ameishika hivi anasonga. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia asile kitu iko kwa hiyo sufuria, na nitamweleza nikirudi.

Cheruiyot akasema yeye atazunguka kwa dada zangu na kwa pastor, mimi niende Mau Narok. Nikataka kuchoma hiyo mwiko hapo hapo. Akanishika mkono. Hata moshi yake ni mbaya, akasema, usichome.

Kamau nilimpata kwa simu nikiwa stage ya magari. Yake bado ilikuwa kwa bag, hata hajaitoa. Nikashukuru Mungu, ingawa kwa mbali niliumia kidogo. Binadamu ni kitu ya ajabu.

Kufika Njoro, kubadilisha gari, kupanda huko juu, sikumbuki niliketi na nani. Nilikuwa nahesabu. Krismasi mpaka leo, uji mara mbili kwa siku. Nikifika mahali nawacha, halafu naanza tena.

Nikafikiria mume wa Wanjiru. Ni dereva wa tractor, kijana mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Nitamwambia nini? Kwamba nilikuletea mtoto wako sumu, na nikaipaka mafuta ing'are?

Nilikuta Wanjiru mlangoni, mtoto mgongoni. Kichwa ya mtoto ilikuwa imelala upande. Macho yameingia ndani. Hakulia kuniona, na huyo mtoto huwa ananiona analia kwa sababu ya ndevu.

Sikusalimia. Nikasema nipe mwiko.

Akanitazama. Akasema, Baba karibu kwanza, unywe chai, umetoka mbali na hii baridi.

Nikasema Wanjiru, mwiko. Ile nilikupa.

Akasema nikae, ataileta. Akatoka nyuma.

Jikoni kulikuwa na sufuria ya uji kwa jiko, na mwiko imesimama ndani. Wakuu, nilienda nikaingiza mkono nikaitoa, uji ikinichoma vidole. Nikaifuta na sweta yangu. Nikapapasa mpini, natafuta alama zangu tatu.

Hakuna alama. Mpini ni mwembamba, mweusi, umeliwa na moto. Haikuwa yangu.

Hapo sasa nikaogopa ingine. Nikasema huyu ananificha nini? Nikamfuata nyuma ya nyumba.

Nilimkuta kwa boma ya ndama. Ameinama anavuta kitu kwa mlango, imekwama, na leso yake iko tayari ya kupanguza. Ilikuwa mwiko yangu. Ndio ilikuwa komeo ya mlango wa ndama.

Aliponiona akaanza kulia.

"Baba usikasirike. Ilikuwa nzito. Nikiweka kwa sufuria ya uji, sufuria inapinduka."

"Tangu lini iko hapa?"

"Tangu tu Krismasi."

"Uji ya mtoto haijawahi kukorogwa nayo?"

"Hapana Baba. Hata siku moja."

"Na mbona uliniambia unatumia?"

Akajipanguza uso na ile leso. "Si ulikuwa unauliza kila wiki. Na ulikuwa umefurahi."

Nilikaa chini hapo kwa mavi ya ndama. Nikaanza kulia. Yeye anafikiri nalia kwa sababu ya mwiko, ananiambia pole, kuanzia leo ataitumia kila siku. Nikazidi kulia.

Baadaye nikamweleza. Tukapeleka mtoto dispensary mbio. Nesi alimwangalia akasema ni tumbo ya maji chafu, tanki yao ilikuwa imefika chini na wanachota matope. Akapewa ile maji ya chumvi na sukari. Siku ya tatu alikuwa ananilia tena kwa sababu ya ndevu. Na ndama akatafutiwa komeo ingine.

Nikarudi Elburgon. Cheruiyot alikuwa amezileta za huku zote, na ya Kamau ikaja baadaye na lori. Dada mmoja alikuwa anafukuza nayo kuku. Mwingine alikuwa ameipea jirani, na jirani hakuwa ameitumia. Mke wa pastor aliigonga msumari ukutani chini ya kalenda. Hawa wote walikuwa wananiambia kwa simu, mwiko ni tamu sana, Mungu akubariki.

Kumbe hakuna aliyekuwa anapika nayo.

Isipokuwa mmoja.

Mama wa nyumba yangu alisonga nayo ugali kila siku tangu Krismasi. Ile ilikuwa nzito kwake pia, na mkono wake uko na baridi yabisi. Alitumia kwa sababu mimi ndio nilichonga. Na yeye ndiye aliyeniambia vumbi iko na rangi, nikamnyamazisha.

Mimi pia nimekula hiyo ugali, lakini mimi sijihesabu.

Tulienda hospitali Nakuru. Daktari kijana, hakutucheka. Akatutoa damu, akasema hiyo kipimo inatumwa mbali na tungoje. Aliniuliza mama amekula hiyo ugali kwa muda gani. Nikasema wiki tano. Akaandika. Mpaka leo naona hiyo kalamu ikiandika.

Tunangoja.

Yeye anaendelea na kazi zake. Juzi nilimwona amesimama kwa mlango anakunjakunja vidole kama vimekufa ganzi. Nikamuuliza, Mama Wanjiru, uko sawa? Akasema niko sawa kabisa, wewe una wasiwasi ya bure.

Sasa niambieni wakuu. Mimi nimezungukwa na watu wananipenda na wananiambia kile nataka kusikia. Nitajuaje kama hiyo ni ukweli ama ananifurahisha?

Nilichojifunza ni hiki. Kama unatengeneza zawadi ya kuingia kwa chakula, uliza mti umetoka wapi, na uliza mtu mwenye macho. Post iliyokaa nje miaka mingi bila kuliwa na mchwa, jiulize mbona mchwa ilikataa. Na kama kuna mtu hapa alibeba hizo za greenhouse akazifanya kuni ya kupika, nakuomba wacha leo.

Ingine ni kwa nyinyi mnaopewa. Mzee akikuletea kitu mbaya, mwambie ni mbaya. Ataumia siku mbili, atapona.

Miiko zote saba nimezifunga kwa gunia, ziko kwa store, mlango nimefunga na kufuli. Sijui nizipeleke wapi. Kuchoma nimekatazwa, kuzika naogopa kisima.

Mwenye anajua, aandike hapa chini. Na kama kuna mtu amewahi kula hiyo dawa, ama alimwona mtu aliyekula, aseme ilimwendeaje. Hata kama ni mbaya, semeni. Msinifurahishe.