Gari Jekundu la Kaka Eloy

Kaka yangu Eloy Sedillo tulimzika Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, kando ya mkewe Eduvigen. Padri aliposema kwamba marehemu alikuwa dereva mwaminifu, watu waliitikia kwa vichwa kanisa zima. Karibu nusu yao walipanda basi lake la shule walipokuwa wadogo.

Aliendesha basi lile la manjano maisha yake yote ya kazi, hapa kusini mwa Albuquerque, na aliliendesha polepole kiasi kwamba watoto walimpa jina la Kobe. Hakukasirika. Walipopiga kelele kutoka nyuma, "Kobe, tunachelewa!" aliwajibu akiwatazama kwenye kioo, "Mama zenu wamenipa mayai, siyo mawe. Kaeni chini."

Wasichokijua wale watoto ni kwamba Kobe, tangu ujana wake, alitaka gari la mbio. Alitaka Corvette, nyekundu, ya gia za mkono. Kwanza ikaja harusi, kisha mabinti wakaenda chuo, kisha Eduvigen akaugua, na alipofariki Eloy hakulitaja tena. Nilidhani hamu ile tumeizika pamoja naye.

Kwaresima ya mwaka juzi nilimpeleka kwa daktari wa macho. Aliporudi aliketi garini kwangu bila kufunga mkanda, yeye ambaye hakuwahi kusahau mkanda.

"Kasemaje?"

"Macho yanakufa katikati. Pembeni nitaendelea kuona, katikati hapana. Sindano zitachelewesha tu. Leseni labda nitakuwa nayo mpaka baridi ianze. Dada, nanunua lile gari."

"Gari gani?"

"Lile."

Baada ya Pasaka tulilipata Amarillo, upande wa Texas, kwa mkulima wa pamba aliyevunjika nyonga na asiyeweza tena kuinama kuingia ndani yake. Lilikuwa la zamani kiasi lakini limetunzwa kama kikombe cha Misa. Eloy alilizunguka, akaligusa mlango, akavua kofia. Tukarudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma kwenye kigari changu. Nchi ile ni tambarare tupu, barabara imenyooka, na kaka yangu alikwenda mwendo wa basi la shule. Malori yalimpita moja baada ya jingine. Nilicheka peke yangu mpaka nikatokwa machozi.

Tuliposimama kula mjini Santa Rosa, macho yake yaling'aa. "Umeona linavyovuta?"

"Nimeona lori la ng'ombe likikupita. Hata ng'ombe walikuangalia."

"Nililiruhusu," akasema, akauma mkate wake.

Kaunti yetu haikupi namba za gari lililotoka nje ya jimbo mpaka lipimwe moshi kwanza, na huko Amarillo hawapimi kabisa. Akapewa kibali cha muda, akalipeleka kwenye kituo cha karibu akiwa amevaa shati la Jumapili. Kijana mmoja mwenye ndevu akachomeka waya wake chini ya usukani, akatazama kioo cha kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Kompyuta ya gari ni tupu, mzee. Gari hujipima lenyewe linapotembea, siku hadi siku, kisha mimi nasoma. Hili halina cha kusoma. Nani kaifuta?"

"Hakuna aliyeifuta."

"Aa, mzee wangu! Kila siku naletewa haya. Taa ya injini inawaka, mtu anafuta kila kitu, anakuja hapa na uso wa malaika."

Hakuwa na ubaya, alitania tu kama vijana wanavyotania. Lakini Eloy alisikia anaitwa mwongo mbele ya watu. Alinyoosha mkono, akachukua ufunguo, akaondoka wakati yule kijana bado anasema.

Tangu siku hiyo hakurudi kituo kile. Alikwenda vingine, kaskazini ya mji, ng'ambo ya mto, na kila mahali jibu likawa lile lile: gari haliko tayari. Naye hakusimama kuuliza. Fundi akabadilisha kifaa hiki na kile kwenye bomba la moshi, vyote vizima. Kibali kikaisha, akaomba kingine. Nikamwambia, "Kaka, kaa nao uwaulize, kosa liko wapi?"

"Siombi kuaminiwa na watoto niliowafuta makamasi."

Nilisali novena kwa Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa madereva. Na kila jioni Eloy aliingiza gari uani, akafungua boneti, akatoa betri nzima, akaibeba mpaka jikoni na kuiweka juu ya gazeti kando ya mlango. Wezi walikuwa wamemchukulia gari lake la mizigo chini ya dirisha lake mwenyewe, na aliapa hawatalipata hili. Mtaa mzima ulijua desturi hiyo. Mimi nilikuwa naisogeza ile betri kwa mguu nikifagia.

Septemba ikafika, pilipili zikaanza kuchomwa kila pembe ya barabara na mji mzima ukanukia. Asubuhi moja alikuwa njiani kwenda kupimwa tena. Kwenye kivuko cha miguu karibu na maktaba akasikia kishindo juu ya boneti. Ni mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto, ameipiga boneti kwa kiganja. Gari lilikuwa limesimama shubiri chache tu kutoka kwao. Eloy hakuwa amewaona kabisa. Alijua amesimama kwa sababu ya taa nyekundu, si kwa sababu yao.

Aliegesha pembeni, akanipigia simu. Nilipofika alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, leseni mkononi.

"Nirudishie hii ofisini, Ofelia."

"Lakini bado ina miezi…"

"Nimewabeba watoto wa watu bila kumgusa hata mmoja. Hii irudishe leo."

Tukairudisha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nilimwambia tujaribu kituo kile cha kwanza, mimi nikiendesha. Alikubali kwa kuwa hakuwa tena na nguvu ya kukataa. Safari hii alikuwepo mama mmoja aitwaye Marlene. Akachomeka waya, akainama dirishani kwangu.

"Betri ilitolewa lini?"

"Jana jioni," nikasema. "Kama kila siku."

"Kila siku?" Akaanza kucheka, kisha akamwona Eloy na kicheko kikaisha. "Ukitoa betri inasahau yote, mama. Inaanza upya. Iacheni humo, mlitembeze wiki moja, mjini na barabara kuu, mrudi."

Eloy alikuwa akitazama mbele. "Kwa hiyo lilikuwa zima?"

"Zima, mzee. Nadhani tangu mlipolinunua. Hukuambiwa?"

"Sikungoja kuambiwa," akasema.

Jioni hiyo nilimkuta amesimama mbele ya boneti iliyofungwa, mikono mifukoni, kama mtu anayeaga.

Tuliliendesha wiki ile, mimi kwenye usukani, yeye pembeni akinisikilizia injini. "Gia ya tatu. Sasa. Dada, hilo si trekta la baba!" Tukarudi kwa Marlene, likapita mara moja. Namba alizifunga mwenyewe kwa bisibisi, akitafuta matundu kwa vidole.

Nimemuuliza Mungu mara nyingi kwa nini hakumpa kaka yangu majira yale ya joto. Ninajua alimpa. Yalikuwepo, marefu na makavu, barabara wazi, macho bado yanatosha, gari zima uani. Yalipita kati ya jikoni na boneti. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma ninapowasha mshumaa wake.

Baada ya Misa siku moja nilimwambia uwanja wa kuegesha magari wa parokia ni mtupu, azunguke hata mara moja, padri hatasema kitu. Akakataa. "Nisichokiona sikiendeshi."

Basi nikaendesha mimi. Kwenye taa za barabara ya daraja, gari lililojaa vijana lilisimama kando yetu. Mmoja wao akatoa kichwa nje.

"Mzee! Gari kali hilo! La kwako?"

Eloy aligeuza uso kuelekea sauti ile, akatabasamu, na akagusa bega langu.

"La dada yangu," akasema. "Mimi amenipa lifti tu."

Taa ikawaka kijani.

"Gia ya kwanza, Ofelia," akaniambia. "Taratibu."