Mwenyekiti Tuliyembakiza

Nikisikia harufu ya mbao ya mninga iliyopigwa randa, hurudi Keko papo hapo, mbele ya karakana ya baba, ambako vumbi la mbao liliingia hadi kwenye chai na vanishi ilikaa puani mpaka usiku. Baba alikuwa fundi seremala, tena mwenyekiti wa mtaa, na kazi zote mbili alizifanya kwenye benchi moja. Muhuri wa mtaa aliutunza kwenye droo ya misumari. Ungemkuta anapiga msasa mguu wa kitanda huku akisuluhisha ugomvi wa bomba la maji, na watu wawili walionuniana tangu wiki iliyopita wameketi juu ya magogo wakisubiri amalize upande mmoja. Chama chake kilikuwa kidogo, hata bendera yake hapo mtaani ilikuwa moja tu, ile iliyochakaa juu ya paa letu. Lakini uchaguzi wa mtaa ulipofika hakuna aliyeitazama bendera. Walimpa kura wa chama hiki na wa kile, kwa sababu walimjua, na alikuwa akifungua mlango ukimgongea.

Mwaka wa uchaguzi mkuu, baba akachukua fomu ya udiwani. Kilichomsukuma ni mtaro. Kila masika maji machafu yalifurika kutoka barabarani yakaingia majumbani, nyumba yetu ikiwemo, na mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kuchimba mtaro. Mambo hayo huamuliwa huko juu, wanakokaa madiwani. Nilikuwa darasa la tano na sijapata kumwona baba akitaka kitu namna ile. Alinyoa ndevu, akashonesha kanzu mpya, na jioni alitembea nyumba kwa nyumba akieleza mtaro utapita wapi, akichora ardhini kwa kipande cha mbao.

Ule msimu ulikuwa mtamu, siwezi kusema uongo. Magari ya matangazo yalipita na muziki, nasi watoto tukiyakimbiza bila kujali ni ya nani. Kina mama walipokea kanga za vyama vyote, wakazivaa zote, juu chama hiki, chini kile. Wapiga kampeni wakubwa waliimba habari ya mafiga matatu, kwamba rais, mbunge na diwani watoke chama kimoja, maana chungu hakikai kwenye figa moja. Mama Rehema, jirani yetu aliyeuza chapati, aliwajibu huku akigeuza chapati yake, “Mie napikia jiko la mkaa, wanangu. Mafiga niliyaacha kijijini Kisarawe.” Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kila aliyekaa kwenye magogo ya baba alimwambia vivyo hivyo: rais nampa yule, mbunge nampa huyu, lakini diwani ni wewe jirani, ondoa shaka. Baba akaondoa shaka.

Siku ya kura watu walirudi na wino kidoleni, wakimwonyesha baba kama watoto waliotoka kunawa. Jioni matokeo yalibandikwa ukutani kwenye shule yetu. Baba alikuwa ameshindwa, na si katika kata nzima tu. Alishindwa hapo hapo mtaani, alikonyimwa kura na watu wa magogoni kwake. Alirudi akaketi, akaanza kupiga randa ubao uliokwisha kunyooka. Niliumia sana kwa ajili yake. Niliwachukia majirani wote kwa moyo wa mtoto, ambao haubakizi kitu.

Asubuhi, jua halijachomoza vizuri, Mama Rehema akabisha hodi. Alitaka barua ya kwenda kumdhamini mwanawe polisi. Baba akamuuliza:

“Mama Rehema, hivi mlinikataa kwa lipi?”

Akashangaa kweli kweli, akimwita kwa jina langu kama kawaida yake. “Nani kakukataa, Baba Zuhura? Sie tumekubakiza! Diwani aliyepita si alikuwa wa hapa hapa? Tulivyompa tu, kahamia Mbezi, simu hapokei. Nawe ungeenda, hii barua saa hizi ningeandikiwa na nani? Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba.”

Alisema hayo kwa mapenzi matupu, na nadhani ndiyo maana baba hakuweza kugomba. Alifungua droo, akaandika barua, akapiga muhuri. Kisha akaingia ndani, na chai aliyowekewa ikapoa bila kuguswa.

Masika ikaja na mtaro haukuwepo. Maji yaliingia kwetu, yakaingia kwa Mama Rehema, yakabeba unga wake na jiko lake. Baba alitoka na koleo, suruali imekunjwa magotini, na majirani wakamfuata na ndoo. Mmoja akalalamika kwamba hakuna wa kuwatetea huko juu. Baba akasema, “Si mlinibakiza? Haya, tubaki wote.” Wakacheka ndani ya maji, yeye akacheka mwisho. Akabaki mwenyekiti wao mpaka macho yalipomzuia kushika msumeno.

Sasa naishi Mbezi Luis, nyumba yenye ukuta na geti. Mtaro tunao, wa zege, mzuri. Mwenyekiti wa mtaa wetu simjui hata kwa sura. Barua huombwa kwenye kundi la simu, na uchaguzi wa mtaa ulipopita nilikuwa kazini, sikuona cha kukimbilia. Kura yangu naiweka kwa wakubwa ninaowaona kwenye televisheni. Baba ametangulia mbele ya haki, na mama nakaa naye.

Juzi mvua ilipokuwa ikinyesha nilimuuliza jambo lililonikaa miaka yote. “Mama, siku ile ya udiwani, wewe baba ulimpa?”

“Kura ni siri, mwanangu.” Akaendelea kuchambua mchele wake. Kisha akasema, bila kuinua uso, “Baba yako alikuwa anakula mchana nyumbani kila siku.”

Kumbe hata ndani kwetu alibakizwa. Nilitaka kumkasirikia mama, nikashindwa. Ningekuwa na kura siku ile, nami ningembakiza.