Gauni la Kulwa Lisilo na Pindo

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Shinyanga wakati wa vita kuu ya pili, gauni jipya lilianza ndani ya karai la maji. Wa rika langu mtaikumbuka harufu ile ya kitambaa cha dukani kikianza kulowa: wanga, vumbi la behewa, na kitu kinachofanana na unga wa muhogo. Mama alikizamisha chote, akakiacha kinywe maji mpaka kishibe, kisha akakianika kivulini bila kukikamua. Hapo ndipo alipowasha mkaa wa pasi. "Kitambaa kinywee chenyewe kwanza," alikuwa akisema, "kisije kikanywea mwilini mwa mtoto." Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka. Wao wananunua suruali iliyokwisha kuchanika magotini, na kifungo cha shati kikidondoka shati lenyewe linageuka dekio. Nikimwambia mmoja wao alete sindano, ananitazama kama nimemtuma akachote maji ya Ziwa Victoria kwa kijiko.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia ya reli, upande unaoelekea kiwanda cha pamba. Baba alikuwa akichimba dhahabu huko Geita na alirudi kwa nadra, mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope, na safari moja alirudi na cherehani ya mkono amejitwika kichwani. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulijua kwetu panashonwa. Mama hakuwa na chaki wala futi ya kupimia. Alichora kwa kipande cha sabuni kilichokwisha, kwa sababu alama ya sabuni hutoka kwa maji na haiachi doa. Alipima kwa kamba ya katani, akipiga fundo penye bega, fundo penye kiuno na fundo penye goti, na kila mtu wa nyumbani alikuwa na kamba yake msumarini. Uzi aliupitisha kwenye nta kabla ya kushona kwa mkono, na hakukata uzi mrefu kuliko mkono wa mshonaji, maana uzi mrefu hujifunga na kukuchelewesha. Na kila mshono ukiisha aliupiga pasi palepale, hata kama wageni wanasubiri. Mimi bado nafanya hivyo hivyo, na nguo zangu zinatazamika.

Jambo moja zaidi la kukata. Mama alikunja kitambaa mara mbili, akakilaza mkekani, akakata mara moja tu. Mkasi ukipita, magauni mawili yanatoka, sawasawa kama viganja. Alifanya hivyo kwa sababu tulikuwa wawili. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia kutoka huitwa Kulwa, na anayemfuata huitwa Doto. Mimi ni Doto. Majirani walimwita mama kwa jina la aliyetangulia, Mama Kulwa, na sikuona ubaya wowote. Tuliketi pamoja kwenye ngozi ya ng'ombe, tukijifunza kukunja pindo kwenye vitambaa vilivyobaki. Kulwa alitumia mkono wa kushoto, kama bibi yetu mzaa baba aliyeishi nasi, kwa hiyo mishono yake ililalia upande mmoja na yangu ikalalia upande mwingine. Mama alikuwa akiokota kipande sakafuni na kusema bila kuuliza, "Hiki cha Kulwa. Kimenyooka. Hiki cha Doto, kama njia ya mbuzi."

Kisha surua ikapita mtaani na ikamchukua Kulwa.

Bibi alikataza kilio. Alisema pacha haliliwi, kwa sababu machozi ya mmoja humvuta wa pili. Watu waliingia, wakaketi, wakatazama chini, wakaondoka. Nimehudhuria misiba mingi maishani mwangu, na hakuna ulionitisha kama ule uliokuwa kimya hata kuku walisikika wakiparua nje. Mama hakudondosha chozi. Alikaa karibu na cherehani akizungusha mpini taratibu bila uzi wala kitambaa, na sindano ilipanda na kushuka ikitoboa hewa.

Baba alipokuja kutoka Geita alileta shiti ya maua ya manjano. Mama akailowesha, akaianika, akaipiga pasi. Akaikunja mara mbili. Nilikuwa nimesimama mbele yake nipimwe, na aliponipima bega, kiuno na goti, alisogea hatua moja pembeni yangu, akatandaza kamba nyingine hewani, kimo kilekile, akapiga mafundo. "Simama vizuri," alisema. "Na wewe pia." Pale pembeni yangu hapakuwa na kitu isipokuwa mwanga wa jua ulioingia mlangoni.

Bibi aliona yote. Sidhani kama alikasirika. Nafikiri aliogopa kumkataza mama kushona, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyokuwa ikimwinua kitandani. Basi wakaafikiana. Mama atashona magauni mawili, lakini la Kulwa halitakunjwa pindo. Litapigwa bandi tu, kwa uzi mweupe wa mishono mikubwa inayovutika kwa kidole. "Nguo isiyo na pindo haina mwenyewe," bibi alisema. "Ikipata pindo, itatafuta wa kuivaa."

Gauni lile likatundikwa msumarini nyuma ya mlango. Adhuhuri, vile vimbunga vidogo vya vumbi vilipokatiza uwanja, upepo uliingia chini ya mlango na kulijaza, likavimba kifuani na kiunoni, kisha likanywea tena. Watoto wenzangu waliacha kuja kucheza ndani. Tuliruka kamba nje, na walipohesabu wachezaji walinihesabu mimi, wakanyamaza kidogo, wakaendelea. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo.

Nilipolipita gauni langu kwa urefu, mama alishona mengine, na mengine tena, kila mara mawili. Na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza kuwa kubwa. Kamba ya Kulwa ilikuwa inakua kuliko yangu. Mama alipima hewa pembeni yangu na kusema kwa sauti ya furaha kabisa, sauti ambayo mimi sikuipata tena, "Mwenzio kanenepa. Wewe mbona unakwisha, mayu?" Mayu kwetu ni mama, na mama humwita hivyo hata binti yake mdogo kwa mapenzi. Kweli nilikuwa nakwisha. Chakula kilinishinda. Gauni langu lilining'inia mabegani, na lile la nyuma ya mlango lilijaa kila upepo ulipoingia.

Nilitaka kitu kimoja tu, na leo nakisema wazi. Nilitaka mama anitazame mimi kwanza. Jirani yetu aliyeuza mboga, mwanamke mwenye huruma, alijaribu kumwita Mama Doto ili kumzoesha. "Mwangaluka, Mama Doto," alisalimu asubuhi moja kutoka nje ya uzio. Mama alikuwa akichambua mchele hatua chache tu kutoka pale. Hakuinua kichwa. Yule jirani akasalimia tena, akasubiri, kisha akasema polepole, "Mwangaluka, Mama Kulwa," na mama akaitikia mara moja na kumkaribisha. Niliingia ndani nikajificha chini ya kitanda. Kulwa nilikuwa nampenda, na bado nampenda, lakini siku ile nilimwogopa kama mtu anayenisukuma kitandani usingizini.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, homa ikanishika. Bibi alinitazama, akatazama mlango, akamwambia mama maneno mafupi: "Huyu anaitwa." Mama akanifunga mgongoni, mkubwa kama nilivyokuwa, tukaenda hospitali ya misheni Kolandoto, sehemu ya njia kwa miguu na sehemu kwa gari la pamba. Nakumbuka harufu ya sabuni kali, shuka nyeupe, na dawa chungu ambayo ililala ulimini siku nzima. Nakumbuka pia kwamba kila nilipofumbua macho mama alikuwa akinitazama mimi, na pembeni yangu palikuwa na ukuta. Hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine kusimama. Nadhani hiyo nayo ilinisaidia kupona.

Tulirudi nyumbani mchana mmoja wa jua baada ya mvua. Bibi alikuwa amebaki peke yake muda wote huo. Alitupokea uani, akanishika kichwa, akanitemea mate kidogo ya baraka kama walivyofanya wazee wa kwetu. Mama akaingia ndani kutua mzigo. Hakutoka, nikamfuata.

Alikuwa amesimama nyuma ya mlango ameshika sehemu ya chini ya gauni la Kulwa. Bandi zote nyeupe zilikuwa zimefumuliwa. Mahali pake palikuwa na pindo, limekunjwa mara mbili, likazunguka gauni zima kwa mishono midogo iliyonyooka. Na mishono yote ilikuwa imelalia kushoto, upande wa Kulwa.

Nilimkumbuka bibi na lile neno lake, kwamba nguo ikipata pindo itatafuta wa kuivaa, na mtu wa kimo kile katika nyumba ile nilikuwa mimi tu. Nilimsubiri mama apige yowe. Nilimsubiri anivalishe. Mama alipitisha kidole gumba juu ya mishono, taratibu, akazunguka pindo lote mpaka akarudi alipoanzia.

"Kamaliza mwenyewe," akasema. "Kumbe amekua. Hanihitaji tena."

Akaketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akalia. Alilia kwa sauti, bibi akiwa mlangoni, na bibi hakumkataza. Nilingoja machozi yale yanivute kama tulivyoambiwa. Hayakunivuta. Nilikuwa nimesimama palepale, na kitu pekee nilichosikia ni njaa.

Alipotulia alichukua wembe. Alilifumua gauni la Kulwa mabegani na ubavuni, kila mshono, isipokuwa lile pindo. Kisha akaleta gauni langu, akaligeuza ndani nje, akaliweka la Kulwa juu yake, mshono kwa mshono. Akapiga bandi, akapiga pasi, ndipo akashona. Gauni la dada yangu likawa bitana ya langu. "Asipate baridi," mama alisema, "na wewe usimpe nafasi pembeni. Mbebe ndani." Lilinitosha. Lilikuwa zito kidogo, na lilinikaa mabegani vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Kisha akanitazama mikono. "Wewe pindo lako bado njia ya mbuzi. Leta sindano, nikufundishe."

Tulikuwa hapo mlangoni, mimi na yeye, kitambaa kimoja magotini mwetu, jirani muuza mboga alipopita. Sijui kwa nini alijaribu tena. Alisema, "Za safari, Mama Doto?" Kidole cha mama kikasimama juu ya uzi.

"Njema," mama akaitikia. "Karibu ndani. Mtoto amepona."

Miaka baadaye, nikiwa mwari, nilimuuliza bibi kama ni yeye aliyelikunja pindo lile. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na alikuwa peke yake nyumbani. Bibi alicheka akifunika mdomo kwa ncha ya kaniki yake. Macho yake yalikuwa na ukungu tangu mimi mdogo, watu aliwaona lakini si tundu la sindano, hata uzi nilimtungia mimi. "Mimi?" akasema. "Na uzi alinitungia nani?" Siku nyingine naamini ni yeye, alipapasa na kushona siku zote zile tulipokuwa hospitali, ili amfungue mkwewe. Siku nyingine, upepo wa adhuhuri ukipita chini ya mlango, naamini vingine.

Zamani zile zimekwenda na watu wake. Cherehani ya baba iko kwangu, mpini wake umelainika kama kokoto ya mtoni. Wajukuu wananiletea magauni ya dukani, mepesi, yanayong'aa, na wanashangaa kwa nini nayafumua na kuyatia bitana katika joto hili la Shinyanga. Nawaambia bitana hulinda mshono, hufanya nguo ikae vizuri mwilini, huifanya idumu. Yote hayo ni kweli, na anayeanza kushona ayashike. Lakini siwaambii yote. Nguo za siku hizi ni nzuri, sibishi. Kasoro yake ni kwamba zimeshonewa mtu mmoja tu.